Lita 100 kando ya mto

Saa tisa usiku mama alinigusa bega. "Mwanangu, amka. Mawe yamenyamaza."

Nilikaa kitandani nikasikiliza. Siku tatu mfululizo tulikuwa tumelala na sauti ile ile: maji yakipita juu ya mawe ya mtoni, yakigongana na kuachana, kama watu wengi wanaozungumza chumba cha pili. Sasa mazungumzo yalikuwa yamekatika. Palikuwa na mvumo mmoja tu, mzito, wa chini, usio na pumziko. Nikachukua tochi, nikafungua mlango wa gari, nikamulika pale ambapo jioni mama alikuwa amechomeka kijiti kwenye mchanga. Kijiti hakikuwepo. Mchanga wenyewe haukuwepo. Mwanga uliangukia maji, na maji yalikuwa hatua nane kutoka gurudumu la nyuma.

Juu, nyota zilikuwa zimejaa mbingu nzima. Hata tone moja la mvua halikuwa limetudondokea.

Tulikuwa wawili, mimi na mama. Miaka mingi nimelala porini ndani ya hema, lakini magoti ya mama hayakubali tena kuinuka kutoka ardhini, na yeye ndiye aliyenifundisha kupenda mito. Nilipokuwa mdogo alikuwa akinikalisha ukingoni, ananiambia nifumbe macho nihesabu nasikia sauti ngapi. Maji kwenye jiwe, maji kwenye mzizi, maji yanayozunguka shimoni, maji yanayoporomoka. Nilidhani ni mchezo wa kumtuliza mtoto. Kwa hiyo mama alipozeeka, nilitafuta gari-nyumba, yaani gari lenye vitanda, jiko dogo la gesi, friji, sinki na choo ndani yake, ili nimpeleke mama kando ya mto ambako hakuna mtu mwingine, na usiku alale kwenye godoro.

Watu wakiona gari la namna hii hufikiria starehe. Mimi nikiliona nafikiria matangi. Letu lina tangi la maji safi la lita 100, tangi la majitaka lililo dogo kidogo kuliko hilo, betri mbili, mitungi miwili ya gesi, na choo chenye kaseti, yaani kisanduku cha kupokea uchafu, ya lita 18 inayochomolewa kwa nje. Hiyo ndiyo nyumba. Vitanda na mapazia ni mapambo tu. Ukiwa mjini, bomba ni bomba, unafungua na yanatoka. Ukiwa kilomita nyingi kutoka bomba la mwisho, kila tone linalotoka limeshahesabiwa, na kila tone lililotoka lazima liwe na pa kwenda.

Na maji ni mazito. Lita 1 ni kilo 1, hivyo tangi likijaa umepakia kilo 100 zinazotikisika kila unapokata kona. Siku tuliyoondoka nililijaza hadi mdomoni, ingawa kuna wanaoshauri kubeba nusu ili gari liwe jepesi kwenye njia mbaya. Sikubaliani nao kama unakwenda mahali ambapo huna uhakika wa kutoka siku uliyopanga. Punguza vyombo, punguza nguo, acha viti vya ziada nyumbani. Maji usiyapunguze. Na kabla ya kuondoka tuliacha ujumbe kwa ndugu yetu mmoja: tunakwenda wapi, kwa njia gani, na siku gani aanze kuwa na wasiwasi. Kule hakuna mtandao, na simu isiyo na mtandao ni tochi na saa tu.

Njia ya mwisho ilikuwa ya vumbi, kisha mawe, kisha mchanga. Nilipunguza upepo kwenye matairi kabla ya mchanga ili yatanuke na kukanyaga eneo kubwa zaidi, nikaendesha bila kusimama. Kabla ya kambi tulivuka kijito kwenye kivuko cha mawe. Maji hayakufika hata nusu ya tairi. Nilivuka bila kukifikiria kile kijito mara mbili, na baadaye nilikuja kukifikiria sana.

Kuchagua pa kuegesha nilikufanya kwa miguu. Nililiacha gari mbali, nikateremka kukagua. Mto ulikuwa unapinda pale, na mto unapopinda una tabia mbili tofauti. Upande wa nje wa kona maji hukimbia kwa kasi na kuula ukingo kutoka chini. Juu unaona nyasi na udongo uliokauka vizuri, kumbe chini pameshakuwa pango. Ukiegesha tani tatu na nusu juu ya ukingo kama huo, unaegesha juu ya sakafu isiyo na nguzo. Upande wa ndani wa kona maji hupunguza mwendo na kuangusha mchanga yaliokuwa yameubeba, na hapo ndipo panapotokea zile fukwe ndogo nyeupe zinazomvutia kila mtu. Ni tambarare, ni pazuri kwa picha, ni mahali pa kutia miguu maji huku umeshika kikombe. Lakini kilichouleta mchanga ule ni mto, na mto utarudi kuuchukua.

Mama alikuwa amesimama chini ya mti mmoja, anatazama juu. Kwenye matawi, juu ya kichwa changu kwa kiasi cha mkono mmoja, palikuwa na nyasi kavu zilizosokotana na vipande vya mbao, kama kiota kilichojengwa ovyo.

"Unadhani nani kazitundika hizi?" akaniuliza.

"Maji, Mama."

"Basi tupande juu."

Tukapanda. Kiasi cha mita nne au tano kutoka usawa wa mto palikuwa na ngazi ya ardhi, pana na imara, yenye miti mikubwa. Nilitafuta mti usio na matawi yaliyokufa, kwa sababu tawi kavu halingoji upepo ili lidondoke. Nikaingia kwa rivasi, pua ya gari ikaelekea njia ya kutokea. Hilo silibadilishi hata niwe nimechoka vipi. Unafika mchana ukiwa na akili zako, lakini huenda ukaondoka usiku ukiwa na hofu. Nikaweka pima maji, kile kifaa cha kuonyesha usawa, juu ya meza, nikasukuma kabari mbili chini ya magurudumu ya kushoto hadi kiputo kikakaa katikati, nikazima injini.

Ukimya wa kwanza baada ya injini kuzimwa ndio ninaousafiria. Dakika ya kwanza masikio bado yanavuma. Ya pili unaanza kusikia mto. Ya tatu unasikia kila kitu kilichonyamaza ulipofika kikianza tena, ndege mmoja, kisha wawili, kisha mdudu ambaye hutamwona kamwe. Mama alikaa kwenye kiti chake, akafumba macho. Sikumuuliza anahesabu ngapi.

Siku mbili za kwanza zilikuwa nzuri kuliko ninavyoweza kuzieleza. Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya maji tu, umenyooka kama shuka, huku pale juu tulipo pakiwa peupe. Hewa baridi ni nzito, usiku huteremka kwenye bonde na kutulia chini, na ikikutana na mvuke wa maji yaliyo na joto kidogo kuliko yenyewe, ukungu unazaliwa. Ndiyo sababu ukilala karibu kabisa na maji unaamka na nguo zenye unyevu, na aliyelala juu kidogo anaamka mkavu. Baridi ile ile, usiku, hufanya sauti zisafiri mbali zaidi, kwa kuwa hewa baridi ikiwa chini na ya joto ikiwa juu, sauti hupinda na kurudi ardhini badala ya kupotea angani. Mto uliokuwa ukinong'ona mchana unaongea karibu na sikio lako saa sita usiku.

Na giza. Macho ya binadamu yanahitaji kama nusu saa kulizoea giza sawasawa, na taa moja nyeupe inafuta kazi yote hiyo kwa sekunde. Tulifunika taa ya ndani kwa kitambaa chekundu, tukakaa nje. Baada ya muda mto ulianza kuonekana bila mwezi, kwa mwanga wa nyota tu.

Hesabu ya maji ilianza siku ya kwanza, na hapo ndipo mimi na mama tulipotofautiana. Bafu la gari lina bomba la mvua. Bomba la kawaida la mvua nyumbani hutoa lita 8 hadi 10 kwa dakika. La gari hutoa pungufu, lakini hata kwa nusu ya hapo, dakika nne ni karibu sehemu ya tano ya tangi letu. Nilikuwa nimejizoeza kulowa, kufunga, kupaka sabuni, kufungua, kusuuza, kufunga. Nilijiona mwekevu. Mama aliingia na jagi la lita 3 na kikombe, akatoka amenukia sabuni, na jagini kumebaki maji ya kunawa mikono.

Ajabu yenyewe ni kwamba ulikuwa mbele yetu mto mzima. Sekunde moja ya mto ule ingejaza tangi letu mara nyingi. Na sisi tupo pale tunasuuza kikombe kwa maji ya kikombe kingine. Mtu angeuliza, si mchote tu? Tulichota, kwa kazi za kuchota: kulowanisha masufuria, kupoza miguu, kuzima moto. Lakini maji maangavu si lazima yawe maji salama. Hujui mnyama gani amekufa kwenye kona ya juu. Ya kunywa lazima yachemke, yatokote kwa dakika 1 nzima, au dakika 3 ukiwa kwenye nyanda za juu zaidi ya mita 2,000, na kuchemsha kunakula gesi. Kwa hiyo ukiokoa maji ya tangi, umeokoa na mtungi.

Na sabuni haiingii mtoni. Hili nalisema kwa ukali kwa sababu nimekuta povu kwenye mito ambayo hakuna nyumba kwa kilomita nyingi. Hata ile inayouzwa kwa maelezo kwamba inaoza yenyewe inahitaji udongo ili ioze. Ndani ya maji inawafikia viumbe wadogo wanaoishi chini ya mawe kabla haijaoza. Chukua beseni, nenda mita 60 kutoka ukingoni, uoshe huko na umwage kwenye udongo.

Chenyewe kinachohesabu siku zako kule ni choo. Chakula unaweza kuongeza, maji unaweza kubana, lakini kaseti ya lita 18 kwa watu wawili inajaa siku ya tatu, na ile dawa iliyomo ndani haimwagwi popote isipokuwa mahali palipotengwa. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza nilimwachia mama kaseti, mimi nikachukua jembe dogo: shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, mbali na maji, linafukiwa vizuri. Sioni haya kuliandika. Pori limeharibiwa zaidi na watu walioona haya kujifunza jambo hili kuliko na watu wakorofi.

Hapa sasa linaingia kosa langu.

Kivuli kilichomfaa mama hakikuifaa paneli ya sola. Paneli ikifunikwa kivuli hata kipande, umeme wake unashuka kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe, maana seli zake zimefungwa kwa mfuatano, na moja ikizubaa inazikwamisha nyingine. Betri zetu ni za madini ya risasi na asidi. Betri za aina hiyo hazipaswi kushushwa chini ya nusu, vinginevyo unazifupishia maisha, hivyo katika ampea-saa 200 zilizoandikwa, yaani kipimo cha umeme ambao betri inaweza kubeba, zako ni 100. Friji ilikuwa inakula zake usiku na mchana. Siku ya tatu mchana kipimo kilisoma volti 12.1, na mimi nikajua kwamba hiyo ndiyo nusu.

Tangu wakati huo sikuona kitu kingine isipokuwa namba ile. Nilipotazama chini, niliona ufukwe: mweupe, wazi, umejaa jua hadi jioni, na asubuhi jua lingeupata mapema kabla ya kona zote. Mchanga ulikuwa umekauka juu na mgumu chini. Nikajipigia hesabu kwamba tukishuka alasiri tukalala pale usiku mmoja, kufikia adhuhuri betri zingekuwa zimejaa, kisha tungepanda tena. Nyasi zile kwenye matawi niliziona vizuri. Nilizipita. Niliziweka kwenye fungu la mambo ya mwaka mwingine, kwa sababu anga lilikuwa safi.

"Hapa tunakaa muda gani?" mama aliuliza nilipovuta breki ya mkono.

"Hadi kesho mchana tu, Mama. Betri zijae."

Hakubishana. Aliingia ndani akatoka na uzi mwekundu kutoka kwenye kikopo chake cha kushonea, akatafuta kijiti chembamba cha urefu wa mkono, akakimenya ganda hadi kikawa cheupe, akakifunga ule uzi kichwani. Akaenda hadi pale ulimi wa maji ulipokuwa ukifika na kurudi. Magoti hayamruhusu kuinama sana, kwa hiyo alikikandamiza kwa kiganja, akikizungusha taratibu hadi kikasimama chenyewe. Kisha akakwaruza mstari mmoja kwa ukucha, pale maji yalipokigusa. Kabla ya kulala alikimulika mara mbili. Mara ya pili aliniambia, "Kimepanda kidole kimoja." Nilimjibu kwamba mto hupumua. Sijui nililitoa wapi jibu hilo. Nilikuwa nikitazama kipimo cha betri.

Mto haujali mvua imenyesha wapi. Maji yote ya bonde lake, kila mlima na kila bonde dogo lililo juu, yanateremka kwenye mfereji mmoja, na wewe uliye chini unaweza kuletewa gharika ya mvua iliyonyesha jana mbali sana, chini ya anga ambalo hukuliona. Kinachotangulia ni dalili ndogo: maji yanabadilika rangi, majani na vijiti vinaanza kupita kwa wingi, na sauti inabadilika. Maji yakiwa machache yanapita katikati ya mawe na kila jiwe linasema lake. Yakipanda yanayafunika, na mawe yakishafunikwa hayasemi tena. Hiyo ndiyo iliyomwamsha mama. Kelele hazikumwamsha, kimya kilimwamsha.

Tulikuwa na dakika ngapi sikujua, na sikukaa kuzihesabu. Mama alikuwa ameshafunga gesi na kulaza vyombo sakafuni ili visianguke. Mimi nilitoka kuvuta kabari. Moja ilitoka. Nyingine ilikuwa imezama mchangani, na nilipoichimbua kwa mikono maji baridi yalikuja yakanigusa vidole vya miguu. Nayakumbuka maji yale kuliko kitu kingine chochote cha usiku ule. Hayakuja kwa wimbi. Yalikuja kimya, yakajaza nyayo zangu, yakabaki humo. Nikaiacha kabari. Tuliviacha viti viwili na turubai. Nikawasha injini, gia ya pili, mguu mwepesi kabisa, maana kwenye mchanga ukikanyaga kwa hofu magurudumu yanajichimbia kaburi lao. Pua ya gari ilikuwa imeelekea mlimani, na upepo wa matairi nilikuwa sijaurudisha. Gari likasita, likalalamika, likashika. Mama alikuwa ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili, macho mbele, na hakusema neno hadi tulipofika chini ya mti wetu wa kwanza. Hapo akasema, "Zima, tusikilize."

Tulisikiliza hadi kukapambazuka. Asubuhi ufukwe haukuwepo. Palikuwa na maji ya rangi ya matofali mabichi, yakienda kwa kasi, yamebeba mti mzima wenye mizizi. Nilipima kwa macho kutoka kwenye mwamba tulioujua, nikakadiria yamepita kichwa cha kijiti kwa mita moja au zaidi. Gari lingekuwa ndani hadi kwenye vitasa vya milango.

Nilimwomba mama radhi. Aliniambia, "Ulikuwa unahesabu, lakini ulihesabu vya ndani peke yake." Halafu akauliza tangi lina maji kiasi gani, kwa sababu alikuwa ameshawaza kile ambacho mimi sikuwa nimekiwaza: kijito.

Nilienda kwa miguu hadi kwenye kivuko. Mawe tuliyovuka juu yake hayakuonekana. Maji yanayokimbia hayahitaji kina kikubwa. Sentimita 30 zinatosha kuinua gari dogo, na 60 zinachukua karibu gari lolote la barabarani, liwe zito vipi, kwa kuwa maji yakishaingia chini ya bodi gari linaanza kuelea na matairi hayana tena cha kushika. Kuhusu jambo hili sina subira na wale wanaojisifu kwa kuvuka. Tulibaki. Tangini zilikuwa lita 22.

Siku mbili zilizofuata mama ndiye aliyeshika bomba. Aliichukua chupa ya lita moja akaipiga alama nne kwa kalamu. Lita 6 kwa siku za kunywa, kwa wote wawili. Lita 3 za kupikia. Pampu ya umeme nikaizima kabisa, maana bomba likifunguliwa hata kwa kunawa kidole, linatoa kikombe. Zaidi ya hapo ni ya mtoni, na ya mtoni sasa yalikuwa tope. Tulichota ndoo jioni tukaiacha itulie usiku kucha. Asubuhi nusu ya juu ilikuwa imekaribia kuwa nyeupe, na chini pamelala udongo mzito wa unene wa kidole. Tuliyamimina taratibu kwenye sufuria, yakipitia kitambaa kilichokunjwa mara nne, tukayachemsha. Friji nayo niliizima, tukala kwanza vile vitakavyoharibika. Kule juu chini ya kivuli, betri zikapumzika, na volti zikaacha kunishughulisha.

Mchana wa pili nilishuka na mkondo kutafuta vitu vyetu. Sikutaka mto ubebe turubai letu hadi kwa watu wengine. Nililikuta limejisokota kwenye mizizi, kiti kimoja kikiwa kimening'inia kwenye tawi, miguu juu, kama zile nyasi. Cha pili sikukiona.

Siku ya tatu asubuhi mawe yalianza kusema tena. Mama aliyasikia kwanza. Nilienda kwenye kivuko na kijiti kipya, nikavua viatu, nikavuka kwa miguu kwenda na kurudi nikipima kila hatua. Maji hayakufika magotini popote na mawe ya chini yalikuwa bado yamepangika. Tukavuka saa nne, polepole, bila kusimama.

Bomba la kwanza tulilikuta jioni, kwenye kituo kando ya barabara ya lami. Tangini zilikuwa zimebaki lita 3. Nilichomeka mpira, mama akaushika, akasema yeye ndiye atakayejaza. Alisimama pale muda wote, kiganja kimegusa ubavu wa gari, akilisikiliza tangi. Maji yakijaa sauti yake hupanda, inazidi kuwa nyembamba. Alilifunga bomba kabla hayajamwagika hata kidogo, akakung'uta mpira, na matone yaliyobaki akayakinga kwa kiganja, akanawa uso.